Gari la Wazi, Mji wa Mvua

Mvua ya Kampala hutoka ziwani, na Kansanga iko njiani mwake. Ukisimama mchana kando ya Barabara ya Ggaba, ukatazama upande wa Bunga, utaliona wingu likipanda kutoka Munyonyo huku Kabalagala, nyuma yako, bado inaungua jua. Muda wa kuanua nguo utaupata, wa kuzikunja hapana. Masika hushika Machi hadi Mei, vuli Septemba hadi Desemba, na katikati ya hizo Ziwa Viktoria hufanya litakavyo. Kwa miongo mingi vitabu vya hali ya hewa vimeitaja Kampala miongoni mwa mahali penye ngurumo nyingi duniani. Basi mkazi wa Kansanga mwenye pesa za gari moja la mtumba akisema analitaka lile ambalo paa lake hufunuka, anastahili kuulizwa maswali.

Mkazi huyo ni mimi, na maswali nimeulizwa. Mke wangu aliuliza moja tu: "Baba watoto, paa linalofunuka si ndilo linalovuja?" Sote wawili ni watu wa Bukoba, ziwa ni lilelile na mvua ni ileile, kwa hiyo sikubishana naye. Sababu zangu sitazieleza kwa kirefu pia. Mtu akianza kuorodhesha sababu za tamaa yake, nusu yake anazitunga palepale. Nimeendesha saluni za Kijapani za rangi ya fedha, moja baada ya nyingine, na zote zimenifikisha nilikokwenda. Sasa watoto wamekua, na natamani kushuka Munyonyo jioni nikiwa na upepo kichwani. Inatosha.

Magari yanayouzwa ni mawili. La kwanza limekaa bondeni, nyuma ya nyumba moja ya Kansanga, chini ya banda la mabati: Triumph Herald ya paa la turubai, ya miaka ya sitini, ambayo zamani ilikuwa nyeupe. La pili liko kwenye bondi ya magari ya mtumba upande wa Nakawa: Mazda Roadster ya kizazi cha tatu, ambayo nje ya Japani hujulikana kama MX-5, yenye paa gumu linalojikunja lenyewe ukibonyeza swichi. Bei zake zinakaribiana, na kila niliyemwambia hivyo amemwona muuzaji wa Herald kuwa mwendawazimu, kisha akanishauri bila kufikiri: chukua Mazda, gari la Kijapani, spea zipo.

Mazda nimeiendesha na sina la kuisema vibaya. Ilipozinduliwa Chicago mwezi Februari 1989, walioiunda hawakuficha kwamba walikuwa wakivitamani vigari vya wazi vya Kiingereza vya miaka ya sitini, ila walitaka kimoja kisichodondosha oili sakafuni na kinachowaka asubuhi. Walifaulu kiasi kwamba Aprili 2016 kiwanda kilitoa gari la milioni moja la aina hiyo, idadi ambayo hakuna kigari kingine cha wazi cha viti viwili kilichoifikia. Paa gumu liliongezwa mwaka 2006: linafunguka kwa sekunde 12, linajilaza nyuma ya viti, na buti linabaki na nafasi yake yote. Nilipogeuza ufunguo, mwanamke asiyeonekana alinisalimu kwa Kijapani. Afrika Mashariki nzima inaijua sauti hiyo. Anakumbusha kwamba kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Kwa miaka na miaka amewaambia Waganda, Wakenya na Watanzania jambo hilohilo kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumtafutia kadi. Hata sisi sasa tuna barabara ya kulipia: tangu Januari 2022 ile ya Kampala hadi Entebbe hutozwa shilingi 5,000 kwa gari dogo, na tawi lake la Munyonyo, linaloungana na njia kuu pale Kajjansi, ndipo mahali pekee karibu na kwangu ambapo gari la aina hii lingepata pumzi. Mama wa ETC hana habari nalo.

Ushauri wa wengi ulianza kunitatiza nilipompeleka fundi wangu Nakawa. Ni mzee wa Bukavu mwenye gereji Kansanga, uani kwa pampu ya mafuta, na ana mashine ya kupimia kompyuta za magari ambayo hamwamini mtu mwingine kuishika. Aliifungua Mazda, akaifunga, akaifungua tena, akasikiliza. Kisha akaniambia injini ni nzuri, gia nzuri, na paa ni zuri leo. Nikamwuliza leo maana yake nini. Akanionyesha mota, nyaya, viungo vya kukunja na vijisensa vinavyoiambia kompyuta kwamba kila kipande kimefika mahali pake. Kijisensa kimoja kikidanganya, kompyuta husimamisha kila kitu palepale, paa likiwa nusu limeinuka, na haijali kama wingu la Munyonyo limeshafika Bunga. "Na spea?" nikauliza. Akacheka. Soko la spea la Kisekka lina kila kitu cha Corolla, cha Premio na cha Harrier, kilichotumika na kipya, cha kweli na cha kubuni. Mota ya paa la Roadster haipo Kisekka, haipo Ndeeba, na wala hajui wa kumpigia simu. Itaagizwa Japani, ipite Mombasa, na wakati huo gari litakuwa limekaa wazi uani.

Kumbe "spea zipo" ni maneno ya kweli kuhusu magari mengine. Watu huyahamisha kutoka saluni kwenda kwenye kitu kinachofanana na saluni kwa jina la nchi tu. Gari lina manufaa mahali ambapo pana mikono inayolijua. Corolla ina manufaa Kampala kwa sababu maelfu ya watu wameifungua na kuifunga, mpaka mtoto wa Kisekka anaweza kukuambia namba ya bolti akiwa amegeuka kando. Ichukue Corolla hiyohiyo uipeleke mahali isikojulikana, nayo itakuwa mzigo. Kwa kipimo hicho, paa la Mazda liko mbali zaidi na Kansanga kuliko paa la Herald, ingawa limetengenezwa nusu karne baadaye.

Tulirudi bondeni kuitazama Herald kwa macho mapya. Paa lake ni turubai juu ya vyuma vyembamba. Unashuka, unalivuta, unalibana kwa vishikizo juu ya kioo cha mbele. Hakuna kompyuta ya kubembeleza. Turubai lenyewe limeoza, lakini Katwe kuna watu wanaoshona viti vya taksi, mahema ya harusi na vifuniko vya malori, na yeyote kati yao akipewa kiolezo atalitoa jipya. Litavuja? Litavuja pembeni, mke wangu yuko sahihi. Ila litavuja kwa namna ambayo mtu wa sindano anaweza kuifikia.

Gari hili lina asili ya kuchekesha. Mwishoni mwa miaka ya hamsini kampuni ya Standard-Triumph ilikuwa imebanwa, kwa kuwa kiwanda kilichokuwa kikiitengenezea bodi kilikuwa kimeangukia mikononi mwa mshindani wake. Bodi nzima ya kuchomelewa pamoja ikawa ndoto, wakaamua kuunda gari la vipande vya kufungwa kwa bolti juu ya chesisi kamili, mtindo ambao wengine walikuwa wakiuacha. Umbo walimpa Mwitaliano Giovanni Michelotti wa Turin alichore. Lilitoka mwaka 1959, la wazi likafuata mwaka uliofuata, na utengenezaji ukaisha mwaka 1971. Kwa kuwa ni vipande, lilisafirishika kwa urahisi na kuunganishwa ng'ambo. Huko Madras, India, liliundwa kwa jina la Standard Herald. Boneti huinuka zima pamoja na madigadi ya mbele, fundi akakaa juu ya tairi akifanya kazi kama aliyeko barazani kwake. Na magurudumu hukata kona kwa kipenyo cha mita saba na nusu hivi, sifa ambayo wachambuzi wa Ulaya waliishangaa na ambayo, katika vichochoro vya Kansanga, uso kwa uso na lori la mchanga, ingekuwa rehema.

Nyongeza moja ilinifanya nicheke peke yangu. Mazda ina viti viwili. Herald ina vinne. Gari ambalo kila mtu aliliita la matumizi haliwezi kumbeba mama mkwe.

Fundi alilala chini ya Herald kwa muda mrefu, akigongagonga kwa bisibisi. Alipotoka alikuwa na kutu kwenye ndevu. "Mwalimu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kivu, "huyu iko na mifupa. Ile ingine iko tu na ngozi." Hoja yake naielewa hata kama anaionea Mazda. Magari mengi ya kisasa hayana chesisi ya kando. Nguvu iko kwenye bodi yenyewe, na paa ni sehemu ya nguvu hiyo. Ndiyo maana mtu akichukua saluni ya kawaida, akalikata paa kwa grainda ili apate gari la wazi la harusi, siku chache baadaye milango haifungi: gari limelegea kiunoni. Mazda iliundwa tangu mwanzo bila paa, ikaongezewa uimara chini, kwa hiyo haina tatizo hilo. Hata hivyo ikila kutu au ikigongwa vibaya, kunyoosha bodi ya namna hiyo kunahitaji vipimo ambavyo gereji ya uani haina. Chesisi ya Herald ni vyuma viwili virefu. Vikioza, Katwe watavichomelea, na wakikosea utaona kwa macho.

Udhaifu wa Herald nao si mdogo. Injini yake iliundwa kwa petroli yenye risasi, na petroli hiyo ilikoma kuuzwa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, baada ya azimio lililopitishwa Dakar mwaka 2001. Risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda makalio ya vali. Bila hiyo hulika polepole, na dawa yake ni kichwa cha injini kufunguliwa na kutiwa makalio magumu. Breki nitazitaka bora kuliko zilizopo. Ekseli ya nyuma ina tabia ya kuyakunja magurudumu kwa ndani ukiingia kona kwa kasi, jambo ambalo lingenitisha kama kungekuwa na kasi kwenye Barabara ya Ggaba. Spea hazipo Kisekka hata moja. Zipo Uingereza, mpya, kwa sababu wapenzi wa magari hayo wana vyama na vyama vimefanya zitengenezwe tena. Nitakuwa mtu wa kungoja vifurushi. Lakini nitakuwa nikingoja mpira wa mlango na kitako cha kabureta, na wakati nikingoja fundi ataweza kubuni cha muda.

Kuhusu mashimo nitakuwa mfupi, maana Wakampala wameyasema yote. Aprili 2023 mchora katuni na mwanazuoni Jimmy Spire Ssentongo aliwaita watu mtandaoni wafanye maonyesho ya mashimo ya barabarani, na mji mzima ukaleta picha. Mazda imekaa chini na tairi zake ni nyembamba ubavuni; kila shimo linafika kwenye rimu. Herald ina vigurudumu vidogo vyenye tairi nene. Haitakwenda kasi, na tairi zake zitanisamehe.

Kuna sheria pia. Tangu 2018 Uganda imekataza kuingiza magari ya abiria yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Nia ilikuwa hewa na usalama, na anayepumua nyuma ya taksi za Old Park hawezi kuipinga. Kwa mpenda magari ya kale maana yake ni moja: gari la kale utakalolipata Kampala ni lile lililokuwa Kampala tayari. Haliji kutoka mnadani, wala huwezi kuchagua rangi. Limesubiri hapahapa, na limeona yaliyoonekana hapa.

Hilo la mwisho lilinijia barabarani. Muuzaji aliniruhusu kuiendesha Herald hadi makutano ya Kabalagala na kurudi, bila paa, jioni, wakati foleni imeganda. Ndani ya gari la wazi foleni ni kikao. Kwenye saluni una vioo, redio na uso wa kujifanya huoni. Hapa vijana wa bodaboda wanasimama wamekupita kwa kichwa, wanatazama ndani, wanahesabu geji, wanajadili kwa Kiganda kama wewe haupo. Muuza vitambaa anaegemeza mkono mlangoni. Simu lazima uifiche chini ya paja. Juu, kwenye miti, kalooli wamekaa, wale korongo wakubwa wa majalalani, na ghafla unatambua kwamba kati yako na wao hakuna kitu. Fikiria pia Novemba, msimu wa senene, taa za barabarani zikiwaita kwa maelfu: kwetu Bukoba watu wangenionea wivu kwa kupata kitoweo bila kushuka garini.

Katika foleni ya namna hii Mazda ilikuwa imeulizwa swali moja, na vijana wote: bei gani? Wanafunzi wa chuo kikuu cha KIU walipiga picha nayo. Herald hawakuiuliza bei. Mzee mmoja aliyevaa kanzu na koti, akivuka barabara kwa fimbo, alisimama mbele ya boneti na kuishika kwa kiganja. Alinitazama, akatambua kuwa mimi si Mganda, akahamia Kiswahili. "Hii ilikuwa ya nani, ssebo?" Nikamwambia ni ya fulani wa Kansanga. "Ya sasa najua," akasema. "Mimi nauliza ile ya zamani." Foleni ikasogea na honi zikaanza.

Agosti 4, 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na muda waliopewa ukawa siku 90. Maelfu kwa maelfu waliondoka na mizigo michache na pesa kidogo. Nyumba, maduka, viwanda na magari yalibaki. Magari mengi yalifika Entebbe na wenyewe yakabaki Entebbe bila wao. Baadaye mali hizo ziliwekwa chini ya bodi ya serikali, na kabla ya bodi na baada yake ziligawiwa askari, maofisa, marafiki wa maofisa, na watu wa kawaida waliojua wa kumwona. Sheria ya mwanzoni mwa miaka ya themanini ilifungua njia ya kurudisha mali, na familia kubwa za sukari, akina Madhvani na akina Mehta, zilirudi kwenye viwanda vyao. Lakini sheria ya namna hiyo hushika vitu vilivyosimama mahali: kiwanja, ghorofa, kiwanda. Gari lina magurudumu. Lilikuwa limeshauzwa mara tatu, limeshabadilishwa rangi, limeshakufa. Yaliyopona mpaka leo ni yale yaliyoharibika mapema, yakasukumwa uani na kusahaulika.

Nilirudi nikaomba kuona makaratasi. Muuzaji hakuwa na la kuficha. Aliyaleta kwenye bahasha ya kaki, yamekunjwa vizuri. La zamani kuliko yote ni la mwaka 1974 na lina jina la baba yake, marehemu sasa. Kabla ya hapo, hakuna. Alisema mzee alikuwa karani na gari "alipewa nafasi kulinunua kwa serikali", na kwamba alilipa, risiti iliwahi kuwepo. Namwamini. Gari liliendeshwa miaka michache, spea zikakosekana, likaingia bandani. Watoto walichezea humo. Yeye mwenyewe alijifunzia gia humo, injini ikiwa imezimwa.

Hapo uchaguzi ukawa mwingine. Mazda nayo ilikuwa ya mtu. Ndani ya kisanduku cha dashibodi kuna kitabu cha matengenezo kilichojazwa kwa mwandiko safi wa Kijapani, kurasa kwa kurasa, na sijui jina lolote humo. Halinisumbui, na nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu najua jinsi lilivyomtoka. Huko kwao gari binafsi hupelekwa ukaguzini kila baada ya miaka miwili, ukaguzi ni ghali, kodi hupanda gari linapozeeka, na siku moja hesabu humwambia mtu auze. Akauza, akalipwa, likaenda mnadani, melini, Mombasa, Malaba. Mtumba wetu wote tunauvaa na kuuendesha kwa utulivu huo: aliyeuacha aliuacha kwa hiari yake. Kuhusu Herald siwezi kusema hivyo. Inawezekana ilikuwa ya mwalimu Mwingereza aliyemuuzia jirani kwa bei ya haki mwaka 1966 akapanda ndege. Inawezekana ilikuwa ya karani wa Kigoa. Inawezekana kijana mmoja wa duka la Kampala Road aliwekewa akiba na baba yake, akaipaka nta kila Jumapili, akaiendesha mara ya mwisho kwenda Entebbe. Kila moja inawezekana, na hakuna itakayothibitika.

Rafiki yangu mmoja, Mganda, anaona najitesa bure. Kwa maoni yake nusu ya mji ni wa namna hiyo. Ukipita Kampala Road na William Street ukiinua macho utaona juu ya maduka majina ya Kihindi na miaka ya ujenzi iliyochongwa kwenye saruji, na chini yake watu wananunua viatu bila kuinua macho. "Ukikataa gari, ukatae na barabara," aliniambia. Ana hoja. Lakini anayenunua viatu hanunui ghorofa. Mimi nataka funguo.

Nimemfikiria sana Shekhar Mehta katika siku hizi, pengine kuliko inavyofaa. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika ukoo huo wa sukari ya Lugazi. Ufukuzaji wa 1972 ulimhamishia Kenya, na Pasaka ya 1973, miezi michache tu baadaye, alishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, akarudia kushinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mtu aliyetolewa nchini kwake akajijengea jina kwa kupita njia mbaya za Afrika Mashariki ndani ya gari la Kijapani, wakati huo ambapo gari la Kijapani lilikuwa bado kitu cha kuthibitishwa. Miaka minane kabla yake, mwaka 1965, Joginder Singh wa Nairobi alishinda mashindano hayohayo kwa Volvo iliyokwisha kutumika, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeshindwa kufika mikononi mwa dereva wa kiwanda. Tulifundishwa mapema, basi, kwamba gari la mkono wa pili linaweza kulishinda jipya, na kwamba la Japani linaweza kulishinda la Ulaya. Somo la nani alikuwa mwenye gari hatukupewa.

Mke wangu, nilipomweleza yote haya, alinisikiliza akichambua mchele. Alisema Mazda ikiharibika nitakuwa na hasira, na Herald ikiharibika nitakuwa na kazi, na kwamba amenizoea zaidi nikiwa na kazi. Kuhusu mwenyewe wa zamani alisema: gari mkilinunulia turubai, na yeye mwandikeni.

Wazo hilo nililibeba bondeni. Hapa mkataba wa kuuziana gari huandikwa kwa mkono au kuchapwa dukani, pande mbili zikasaini, mashahidi wakasaini, na mara nyingi mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, akagonga mhuri wake. Nilimwomba muuzaji tuandike yote yanayojulikana: jina la baba yake, mwaka 1974, maneno "kwa serikali" kama alivyoyasema mwenyewe, na juu ya hayo mstari mmoja usemao kwamba mwenye gari kabla ya hapo hajulikani kwa muuzaji wala kwa mnunuzi, na akijitokeza yeye au watu wake, karatasi hii imwonyeshe gari liko wapi. Wakili angecheka. Mstari huo haumpi mtu haki ambayo hakuwa nayo, na pengine unanifungulia mlango ambao watu wenye busara huufunga. Lakini nimekubali paa linalovuja. Naweza kukubali na karatasi inayovuja.

Muuzaji aliusoma mstari huo mara mbili, akavua miwani. "Mwalimu, haya maneno yanapunguza thamani ya gari au yanaongeza?"

Nikamwambia kwa kweli sijui.

"Basi," akasema, "tuongeze laki tano."